JSS ya mtaani inapungukiwa na wanafunzi: nimhamishe binti yangu?

*Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi mji mdogo kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta. Binti yangu yuko Gredi ya 6 katika shule ya serikali iliyo mwendo wa dakika 15 kwa miguu, na Januari ataingia Gredi ya 7 hapo hapo. Ninachoogopa ni kwamba watu wanaikimbia ile JSS, yaani sekondari msingi ya Gredi ya 7 hadi 9. Gredi ya 9 ina wanafunzi 38, ya 8 ina 34, ya 7 ina 31. Walimu wa JSS ni wanne tu. Kwenye KJSEA, ule mtihani wa Gredi ya 9, ya mwaka 2025 watahiniwa walikuwa 28, nasikia wastani wao ni pointi 31. Shule ya kibinafsi iliyo kilomita 6 kutoka hapa ilikuwa na watahiniwa 25 na wastani wa 44. Kule karo ni Sh 16,500 kwa muhula. Watoto kama kumi wa darasa lile walikuwa wametoka kwetu wakahamia kule. Baba watoto anasema tuhame kabla shule haijafungwa. Mimi naona pesa hizo zitatulemea. Nifanyeje?*

Salama, mama. Swali lako limebeba hofu tatu zilizofungwa kamba moja: kwamba shule inafundisha vibaya, kwamba inaishiwa na wanafunzi, na kwamba itafungwa binti yako akiwa ndani. Kila hofu ina jibu lake. Mzazi akizichanganya hujikuta analipa karo kwa sababu ya hofu ya tatu, akidhani ametibu ile ya kwanza.

Tuanze na wastani, maana naona ndio uliowatia watu mbio hapo mtaani. KJSEA ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Ina masomo 9, na kila somo hupewa kiwango kimoja kati ya vinane, kuanzia EE1 chenye pointi 8 hadi BE2 chenye pointi 1. Ukijumlisha, mtoto aliyefanya vizuri kupita wote atakuwa na 72. Hiyo 31 na hiyo 44 mnazozitaja ni jumla za namna hiyo, zilizopigwa na watu kwa kalkuleta zao. Serikali haitoi orodha ya kupanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo ukitumiwa orodha kama hiyo kwenye WhatsApp jua imetoka jikoni kwa mtu. Lakini tuseme namba zenu ni sahihi. Zinasema nini?

Chukua wale watoto kumi waliohama. Wanaohama kwanza kwa kawaida ni wale ambao wazazi wao wanaimudu karo, na mara nyingi ndio waliokuwa na vitabu nyumbani, taa ya kusomea na mtu wa kuwauliza kama wamemaliza kazi ya ziada. Tuseme hao kumi walipata wastani wa pointi 50. Warudishe kwa hesabu tu. Shule ya serikali: watahiniwa 28 mara 31 ni 868, ongeza 500 za wale kumi, unapata 1,368, gawa kwa 38. Ni 36. Shule ya kibinafsi: 25 mara 44 ni 1,100, toa 500, zinabaki 600, gawa kwa 15. Ni 40. Ile tofauti ya pointi 13 iliyowatisha imekuwa 4, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyebadilisha namna anavyofundisha. Hiyo 50 nimeiweka kwa mfano, lakini wewe unawajua watoto hao na wazazi wao. Waulize walipata ngapi, uirudie hesabu kwa namba za kweli.

Halafu kuna udogo wa darasa lenyewe. Kwa watahiniwa 28, mtoto mmoja aliyeugua wiki ya mtihani na kupata 20 badala ya 60 anaushusha wastani wa shule nzima kwa karibu pointi moja na nusu. Katika shule yenye watahiniwa 120, mtoto huyo huyo anaushusha kwa theluthi moja tu ya pointi. Ndiyo maana wastani wa shule ndogo hupanda na kushuka kila mwaka kama bei ya nyanya. Isitoshe, mtihani umefanywa mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja hauonyeshi shule inaelekea wapi.

Sisemi shule yenu ni nzuri. Nasema wastani hauwezi kukuambia kama ni nzuri au mbaya. Kinachoweza kukuambia ni kitu ambacho umekigusa kwa maneno matano tu: walimu wa JSS ni wanne.

Ratiba ya sekondari msingi ina vipindi 40 kwa wiki. Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi na Sanaa Bunifu na Michezo vinachukua vitano vitano. Kiswahili, Elimu ya Dini, Mafunzo ya Jamii, Kilimo na Ufundi wa Awali vinne vinne. Shule yenu ina mkondo mmoja kwa kila gredi, yaani madarasa matatu, kwa hiyo kuna vipindi 120 vya kufundishwa kila wiki. Kiwango ambacho TSC, tume inayoajiri walimu, imekuwa ikikitumia kwa mwalimu wa sekondari ni vipindi 27 kwa wiki. Gawa 120 kwa 27: unahitaji walimu wanne na nusu, ndiyo kusema watano. Wenu ni wanne, vipindi 30 kila mmoja. Ni kazi nzito, ila inafanyika.

Tatizo kubwa zaidi limejificha chini ya hapo. Masomo ni 9 na walimu ni wanne, na mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili. Hata wote wanne wangekuwa na masomo yasiyogongana, wangefika masomo 8. Kwa kawaida hugongana, kwa sababu walimu wengi waliopelekwa JSS ni wa lugha, dini na jamii, na wa sayansi ni haba. Basi utamkuta mwalimu wa Kiswahili na Dini amekabidhiwa Ufundi wa Awali, achore pembe na kufundisha vifaa vya karakana ambavyo yeye mwenyewe hakuvishika chuoni. Shule kubwa yenye mikondo miwili ina vipindi 240, inastahili walimu 9, na hapo kila somo linaweza kupata mwenyewe. Shule ya mkondo mmoja haitafika hapo hata ikiongozwa na malaika. Hapo ndipo idadi ya wanafunzi inapokutana na matokeo. Watoto 31 darasani si hasara. Tena ni raha, kwani kiwango cha juu kinachokubaliwa ni 45. Hasara ni kwamba darasa la 31 na darasa la 45 linahitaji vipindi vile vile 40, lakini fedha zinahesabiwa kwa kichwa cha mtoto.

Na fedha zenyewe ni hizi. Serikali imeweka Sh 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka. Shule yenu ina wanafunzi 103, kwa hiyo stahili yake ni Sh 1,549,326. Mgao ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu: Sh 774,663, kisha 464,798, kisha 309,865. Hiyo ni kwenye karatasi. Mara nyingi hela hufika zimechelewa na zimepungua. Mishahara ya walimu wa TSC haitoki humo, lakini chaki, kemikali za maabara, umeme, ukarabati, na mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, vyote vinategemea fungu hilo. Kila mtoto anayehama anaondoka na Sh 15,042 zake, na bei ya saruji haishuki kwa sababu yeye ameondoka.

Kuna watoto ambao wako darasani na bado hawahesabiwi. Fedha hufuata jina lililo kwenye mfumo wa wizara, yaani NEMIS, na sasa KEMIS inayochukua nafasi yake, na usajili huo umekuwa ukidai cheti cha kuzaliwa. Watoto 9 wasio na cheti ni Sh 135,378 zinazoikosa shule kila mwaka, nao wanakaa kwenye madawati yale yale. Mwulize mwalimu mkuu ni wangapi wa aina hiyo. Mahali penye familia zinazohamahama kufuata kibarua, kama kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mwatate au kwenye migodi ya vito, hawakosekani. Kuwatafutia vyeti ni kazi ambayo chama cha wazazi kinaweza kuifanya kwa muhula mmoja, na huenda ikaleta fedha nyingi kuliko harambee.

Sasa kuhusu "watu wanaikimbia". Kuwa mwangalifu na neno hilo. Umeniambia 38, 34, 31, lakini hizo ni namba za makundi matatu tofauti ya umri, si kundi moja linalopungua. Huenda Gredi ya 7 iliingia ndogo tangu mwanzo. Wanawake wa Kenya wanazaa watoto wachache kuliko zamani: utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2008–09 ulihesabu wastani wa watoto 4.6 kwa mwanamke, wa 2014 ukapata 3.9, na wa 2022 ukapata 3.4. Shule za vijijini na za miji midogo huanza kuliona hilo kwenye madarasa ya chini. Ili ujue kama kuna mbio au kuna uchache tu, uliza maswali mawili. La kwanza: Gredi ya 7 ya sasa ilikuwa na wangapi ilipokuwa Gredi ya 6 mwaka uliopita? Kama walikuwa 33, shule haikimbiwi. Kama walikuwa 50, basi mlango wa Gredi ya 7 unavuja na kuna sababu. La pili: Gredi ya 1 ina wangapi leo? Namba hiyo ndiyo JSS ya miaka sita ijayo.

Hofu ya kufungwa naiweka ya mwisho kwa uzito. Sekondari msingi yenu imo ndani ya shule ya msingi, chini ya mwalimu mkuu mmoja, na uamuzi wa kuunganisha au kuhamisha shule hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti; hauamuliwi na mtu mmoja usiku mmoja. Watoto 103 si shule iliyokufa. Linaloweza kutokea mapema zaidi ni mwalimu mmoja kuhamishwa kupelekwa penye uhaba mkubwa, mkabaki na watatu. Hilo ndilo la kulilinda. Na hata ikija siku ya kuunganishwa, rekodi za binti yako zinamfuata kwa namba yake ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, hapotezi alama. Atakachopoteza ni ule mwendo wa dakika 15.

Nenda shuleni wiki hii, si kulalamika, kuangalia. Omba uonyeshwe ratiba ya JSS iliyobandikwa ofisini. Ratiba nzuri ina vifupisho vya majina ya walimu kwenye kila kisanduku. Hesabu visanduku vya Sayansi Jumuishi, Hisabati na Ufundi wa Awali vya Gredi ya 7, kisha uliza kila mwalimu alisomea masomo gani. Kama Hisabati na Sayansi zina mwalimu aliyezisomea, umeshapata sababu kubwa ya kubaki. Kama Sayansi imeandikwa jina la mwalimu aliyeondoka tangu muhula wa kwanza, umepata sababu kubwa ya kuhama. Kisanduku kilichoachwa wazi pia ni jibu.

Ratiba hata hivyo huweza kupendeza ukutani na kipindi kisifundishwe. Kwa hiyo kutoka hapo pita kwa jirani mwenye mtoto wa Gredi ya 8, uombe daftari lake la Sayansi. Usisome sana yaliyoandikwa, soma tarehe. Vipindi vitano kwa wiki, muhula wa wiki 13, ni kama vipindi 65. Hakuna daftari litakalokuwa na tarehe 65, maana vingine ni majadiliano na majaribio, lakini ukikuta tarehe 40 hivi kazi inaendelea. Ukikuta 15, zikirukana wiki mbili mbili, mwalimu hafiki darasani au hayupo. Tazama kalamu nyekundu: je, kuna makosa yaliyosahihishwa, au ni alama ya vema iliyopitishwa ukurasa mzima? Kisha mwulize mtoto swali moja: mmewahi kufanya jaribio gani muhula huu? Shule kukosa maabara si kisingizio. Kutofautisha asidi na besi kunahitaji maua mekundu ya haibiskasi yaliyopondwa kwenye maji ya moto, ndimu, na maji ya jivu yaliyochujwa. Kwenye ndimu rangi inageuka nyekundu iliyokoza, kwenye jivu inaelekea kijani. Vyote vinapatikana uani. Mtoto aliyeona rangi ikigeuka atakusimulia bila kusitasita. Asiyeona atakukariria maana ya neno.

Jambo la tatu wazazi wengi hawaliulizi kabisa, na lina uzito wa asilimia 20. Alama ya kupangiwa shule ya Gredi ya 10 haitoki kwenye KJSEA peke yake. KJSEA ni asilimia 60. Asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 iliyobaki ni KPSEA, ule mtihani ambao binti yako anaufanya mwaka huu. (Wanaokuambia KPSEA haina maana wamelichanganya jambo: haimzuii mtoto yeyote kuingia Gredi ya 7, lakini alama zake zinamngoja mbele.) Zile tathmini za Gredi ya 7 na 8, KNEC huzituma kupitia mtandao wake, shule inazipakua, watoto wanafanya, walimu wanasahihisha na kupandisha alama kabla mlango haujafungwa. Shule yenye walimu wachache, intaneti ya kubahatisha na mwalimu mmoja tu anayejua nywila ndiyo inayochelewa. Uliza: alama za mwaka uliopita zilipandishwa lini, na nani anashika kazi hiyo akiugua huyu wa sasa? Mwalimu mkuu aliye makini atakujibu papo hapo.

Maswali hayo hayo matatu uyabebe hadi shule ya kibinafsi. Hapa wazazi hulegea. Wakiona basi la manjano na sare ya tai wanasahau kuhesabu. Shule yenye watahiniwa 25 ina vipindi vile vile 120, na inawalipa walimu wote kutoka kwenye karo. Wako wangapi? Wana namba za TSC? Sheria inataka kila mwalimu awe amesajiliwa, wa kibinafsi pia. Je, shule ina namba yake ya kituo cha KNEC, au watoto hupelekwa kufanyia mtihani kituo kingine? Na mwaka uliopita walimu wangapi waliondoka katikati ya muhula? Walimu vijana wa shule za kibinafsi huondoka siku TSC inapotangaza nafasi, na kwa hilo siwalaumu.

Gharama yenyewe ipigie hesabu yote, si karo tu. Sh 16,500 mara mihula mitatu ni 49,500 kwa mwaka. Kilomita 6 si za miguu, hasa upande huo ambako ndovu hushuka alfajiri. Bodaboda ikiwa Sh 100 kwa siku kwenda na kurudi, kwa siku 180 za masomo ni 18,000. Jumla 67,500 kwa mwaka, na 202,500 kwa miaka mitatu, kabla ya sare na chakula. Kumbuka baada ya hapo kuna Gredi ya 10. Karo elekezi ya shule za upili za bweni za ngazi ya juu kabisa ni Sh 53,554 kwa mwaka, na huko hakuna njia ya mkato. Nimeona familia nyingi zikijikamua kwenye Gredi ya 7 hadi 9, ambako serikali haitozi karo, kisha zikaishiwa pale ambapo mtoto alizihitaji hasa. Kupangiwa shule kunatumia alama zile zile kwa mtoto wa serikali na wa kibinafsi.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja: JSS nyingine ya serikali, kubwa zaidi, labda Mwatate au Voi, kama mna shangazi au bibi wa kumpokea. Huko atapata walimu wa masomo yao bila karo. Lakini mtoto wa miaka 12 anayeishi kwa watu ana mzigo wake, na wewe ndiwe unayemjua shangazi huyo.

Maoni yangu, kwa namba ulizonipa: msihame kwanza. Abaki, kwa sharti kwamba ratiba inaonyesha mwalimu wa kweli wa Hisabati na wa Sayansi. Masomo hayo mawili ndiyo yanayofunga au kufungua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) huko mbele, na ni magumu kuyafidia nyumbani. Kilimo na Mafunzo ya Jamii mzazi anaweza kuyasukuma. Kama Sayansi haina mwalimu, mpeni mwalimu mkuu muhula mmoja huku mkifanya haya mawili. Kwanza, bodi ya shule iandike barua kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo ikitaja somo lenyewe, si "tunaomba mwalimu" bali "tunaomba mwalimu wa Sayansi Jumuishi na Hisabati, vipindi 30 havina mwenyewe", na ratiba iambatishwe. Barua isiyo na ratiba hulala kwenye faili. Pili, mzungumze na JSS jirani kubadilishana: wao walete mwalimu wa Sayansi siku mbili, ninyi mpeleke wa Kiswahili. Mwenye pikipiki anaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ya mafuta.

Wazazi wakitaka kuchanga ili kumwajiri mwalimu wa bodi, inaruhusiwa kwa masharti. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 shule ya umma haitozi karo ya masomo. Mchango mwingine unahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, utolewe risiti, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa kulipa. Masomo ya ziada wakati wa likizo yamepigwa marufuku, kwa hiyo mwalimu huyo afundishe ndani ya ratiba.

Mkiona lazima kuhama, hameni mwanzo wa Gredi ya 7, au mwanzo wa Gredi ya 8 kwa kuchelewa kabisa. Gredi ya 9 msiguse: usajili wa KJSEA hufanywa mapema mwaka huo, na ukishafungwa mtoto hufanya mtihani pale aliposajiliwa. Kabla ya kuondoka chukua barua ya uhamisho, nakala ya karatasi yake ya KPSEA na namba ya tathmini, na hakikisha shule ya zamani imemwachilia kwenye mfumo wa wizara. Asipoachiliwa anabaki kuhesabiwa kule, na shule mpya haiwezi kumsajili. Usikubali kuambiwa "tutafanya kesho". Kaa ofisini mpaka waingie kwenye kompyuta.

Bado kuna jambo ambalo siwezi kuliona nikiwa huku, nalo ni binti mwenyewe. Jioni moja mpe hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Gredi ya 3, kama aya tatu, asome kwa sauti, kisha umwulize maswali mawili. Fanya hivyo kwa Kiingereza pia. Mpe hesabu tano za kugawa, kama 96 gawa kwa 4. Akizipita bila shida, anaweza kuimudu JSS yenye walimu wanne. Akikwama kwenye silabi akiwa Gredi ya 6, hakuna uhamisho utakaomsaidia, kwa sababu walimu wa Gredi ya 7 wa shule zote mbili watafundisha wakidhani anasoma. Hapo umwone mwalimu wake wa darasa ana kwa ana, na kama herufi zinampindukia, au unashuku macho au masikio, umpeleke kituo cha EARC cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu. Mpeleke muhula huu, wakati bado yuko na walimu wanaomjua tangu Gredi ya 1 na wanaoweza kuandika barua ya maelezo yake.